Kumsahihisha Matano

Mume wangu Matano alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa jana. Ukimwuliza kwa Kiingereza anafanya nini sasa, alijibu bila wasiwasi: I work, I walk, I cook. Ukimwuliza atafanya nini kesho, nako alipita, maana ile will ilimkaa vizuri mdomoni, akaitamka kwa maringo kama mtu anayeonja halua. Lakini ukimrudisha jana, hapo alikwama. Yesterday I work. Yesterday I walk. Nikamwambia, Baba Shadya, kitendo cha jana kina mkia wake, mbona weye wanikatia mikia yote? Akacheka, akasema mkia wenyewe Waingereza hawautamki, wanaumeza, na yeye hana haki ya kutema walichomeza wenzake.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nasomesha sekondari hapa Chake Chake, na nyumba yetu iko Tibirinzi. Kusahihisha ni kazi yangu, na kwa bahati mbaya ndiyo tabia yangu pia. Mtangazaji wa redio akikosea namsahihisha, najua hanisikii, namsahihisha hivyo hivyo. Wanafunzi wangu wa zamani wakiniona sokoni hujificha nyuma ya mafungu ya mihogo. Mama yangu, Bimkubwa, alinionya tangu nikiwa msichana kwamba ulimi huu utanitia mashakani, nami nikamsahihisha namna alivyolisema onyo lenyewe.

Matano ni mtu wa Wambaa. Alikuwa dereva wa lori la mawe na mchanga mpaka mgongo ukamkatalia, daktari akamwambia atafute kazi isiyomtikisa. Akasikia kuna mafunzo ya kutembeza wageni, yanaendeshwa na jumuiya moja pale mjini, na anayemaliza hupata kazi kwao Wambaa, kwenye mahoteli yanayojengwa. Njia za misitu anazijua, ndege anawajua kwa sauti zao, mikarafuuni ndiko alikozaliwa. Kilichobaki ni Kiingereza. Mwaka wa kwanza alianguka. Mtihani wa mwisho ni kusimama mbele ya watu ukahadithia jambo lililokupata zamani, ukaliendesha mpaka mwisho, na ukikwama njiani unaonyeshwa kiti ukae, urudi mwakani. Matano alionyeshwa kiti. Alirudi nyumbani akala, akalala mchana kutwa, na alipoamka akaniambia, "Nsomeshe."

Basi tukawa tunasoma baada ya alasiri, uani. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi, yeye anamenya ndizi, na binti yetu Shadya, wa darasa la tano, amekaa baina yetu na madaftari yake, akiziba mdomo kila baba yake anapokosea. Nilimweleza Matano kwamba Kiswahili kinautanguliza wakati. Nilipika, ninapika, nimepika, nitapika: unajua ni lini kabla hujajua ni nini. Kiingereza wakati wa jana kinaufunga mwishoni. Walk, walked. Cook, cooked. Have cooked. Will cook. Akafikiri, akasema ndiyo maana Wazungu wote wanavaa saa, maana mtu hajui ni lini mpaka mwenzake amalize kusema.

Hakuweza kushika kwa maelezo. Alishika alipoanza kusoma kwa sauti ya chuo cha Kurani, vile alivyosomeshwa juzuu utotoni, anayumbayumba mbele na nyuma na ndizi mkononi: walk, walked, have walked, will walk; help, helped, have helped, will help. Jirani yetu Bi Mwanapili alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tuna hitima. Shadya alicheka mpaka akalala chini. Siku zile nilikuwa na furaha, na nilijua kuwa nina furaha, jambo ambalo kwa kawaida mtu hulijua baadaye.

Sasa lazima niseme jambo ambalo jamaa zetu walilijua. Matano alikuwa ameshaniacha mara mbili. Talaka ya kwanza ilikuwa mwanzo mwanzo wa ndoa, nilipokwenda kwetu Vitongoji kumtazama mama bila ya kumsubiri yeye arudi kazini. Ya pili nilipokwenda Unguja kusahihisha mitihani, naye alikuwa amesema nisiende. Zote mbili alinirejea kabla eda haijafika popote, na ile ya pili alikuja kunirejea na mashahidi wake analia, mashahidi nao wakaona haya wakawa wanatazama dari. Matano si mtu mbaya. Hajanipiga, hajanitukana. Lakini ana ugonjwa wa wanaume wetu wengi, hasira zikimpanda hajui pa kuzipeleka, anazipeleka kwenye talaka. Mwengine angevunja kikombe, wao wanavunja nyumba, kisha wanakwenda kumwuliza shehe inaungwaje. Nimelisema hili kwa hasira na sitalibadilisha.

Kwa hivyo ilikuwa imebaki moja. Bimkubwa aliniita chumbani akaniambia, "Mwanangu, hii iliyobaki haina marejeo. Siku ukimwona kafura, toka, mwache agombane na kuta." Nikaitika. Nilikuwa na nia ya kweli ya kumsikiliza.

Siku moja wenzake wa mafunzo walikuja barazani kwetu kujifunza pamoja. Mmoja wao akiitwa Jaribu, mtu wa mzaha, ambaye akikosea hucheka mwenyewe kabla hajachekwa. Mimi nikawachukulia chai na chapati. Nafika mlangoni na sinia mikononi, Matano anawaambia, "Last week I visit Ngezi."

"Visited," nikasema, nikaweka sinia chini.

Sikukusudia kitu. Nilisema kama ninavyosema darasani kila siku, hata uso wake sikuutazama. Lakini wale waliangua kicheko, Jaribu akampiga Matano begani akasema, "Yakhe, kumbe weye una mkaguzi ndani ya nyumba." Kuanzia hapo Matano akapata jina. Mwanafunzi wa Bibi. Dukani Mwanafunzi wa Bibi, kijiweni Mwanafunzi wa Bibi, na siku moja, alipokuwa anavua viatu kuingia msikitini, mzee mmoja wa heshima zake akamwuliza kama Bibi amempa ruhusa ya kutoka.

Siku hiyo alirudi baada ya magharibi. Nilikuwa jikoni. Alisimama mlangoni, macho mekundu, akasema, "Zulekha, wallahi, ukinsahihisha tena mbele za watu, basi n'shakuacha, na hiyo ndiyo ya tatu."

Chungu kilikuwa kinachemka. Niliinama nikapunguza moto, maana sikujua mikono yangu ifanye nini. Shadya alikuwa chuoni bado. Nikamwuliza, "Umesema nini, Matano?" Nilimwona anasikia mwenyewe alichokisema, kinamwingia kidogo kidogo, mpaka akakaa kitako pale pale sakafuni, mgongo wake ule mbovu ameuegemeza kwenye mlango.

"Naifuta," akasema. "Nafuta maneno yangu."

"Haifutiki," nikasema. "Talaka ukishaiweka sharti imeshawekwa. Weye wajua na miye najua."

Hatukumwuliza mtu. Tuliona haya, maana ungeanzaje kumweleza shehe kwamba ndoa yako sasa imefungwa kwenye vitenzi vya Kiingereza? Tukakubaliana kuishi kwa uangalifu. Ndani ya nyumba, mlango umefungwa, nilikuwa na ruhusa ya kumsahihisha nitakavyo, maana sharti lilikuwa mbele za watu, na Shadya tulianza kumpeleka kwa bibi yake nyakati za somo, akanuna asijue kosa lake. Mbele za watu nikawa bubu. Wageni wakija, Matano akifungua mdomo kusema Kiingereza, mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji nisimsikie. Wenzake walidhani nimetiwa adabu, na Jaribu akampongeza.

Nitasema kitu cha ajabu. Katika maisha yangu yote ya ndoa sijapendwa kama nilivyopendwa miezi ile. Tulikuwa tunaogopa, na woga ulitufanya wapole. Matano alikuwa akitoka asubuhi anarudi mlangoni kuniambia tena kwamba anatoka. Mimi niliacha kumgombeza kwa vitu vidogo, taulo kitandani, mchanga wa viatu, kwa sababu nilikuwa nimeonyeshwa kitu kikubwa. Na jana yake ilianza kukaa sawa. Jioni moja aliniambia siku yake nzima, tangu kuamka mpaka kurudi, bila kukosea hata mahali pamoja. I washed. I prayed. I waited for the bus. I talked to an old man. Nilikuwa nakuna nazi, nikaacha, nikamtazama. Akaniuliza kwa woga, "N'mekosea?" Nikatikisa kichwa.

Mtihani ulipokaribia, kila mwanafunzi aliambiwa alete watu wake. Nilimwambia Matano siendi.

"Njoo," akasema.

"Mdomo wangu n'naujua, Matano."

"Utaufunga. Umeufunga miezi yote hino."

"Kwa nini nijitie katika hatari? Nenda, ufaulu, urudi unihadithie hapa uani. Mlango tutafunga."

Akasema, "Hadithi yenyewe ni ya weye. Ni siku n'liyokuona. N'taihadithia kwa nani, kwa Jaribu?"

Nikaenda. Nisingekwenda, ningekuwa mke wake leo. Lakini mtu anapokuambia maneno kama yale, ukamwambia siji, unakuwa umeolewa kwa ajili gani?

Alinipakia kwenye pikipiki yake mpaka ukumbini. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilikuwa nimevaa mtandio mpana kwa makusudi, na walipoanza tu nilichukua ncha yake nikaitia baina ya meno, nikauma. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama naumwa na jino, nikakubali kwa kichwa.

Msimamizi alikuwa bwana mmoja kutoka Unguja, Haitham, kijana mwembamba wa miwani. Hakuwa mkali. Aliwasikiliza watu kwa adabu, na mtu akikwama alimpa nafasi kidogo, kisha aliweka kalamu chini na kumwonyesha kiti kwa kiganja, taratibu, kama anamkaribisha mgeni. Walionyeshwa kiti wengi. Jaribu alipita, akikosea anacheka na kuendelea, na mtu anayeendelea hakuzuiwa.

Matano aliitwa. Alikuwa amevaa kanzu mpya na koti, kofia ameinamisha kidogo mbele. Akaanza.

Alieleza kwamba ilikuwa Vitongoji, harusini kwa binamu yake. Mvua ilikuwa imenyesha. I waited outside. I looked at the door. Mlango ukafunguliwa akatoka msichana na sinia la pilau. She carried it alone. I walked to her. I asked her name. Kila kitendo kilikuwa na mkia wake. Watu walikuwa wametulia wanamsikiliza, na mimi nilikuwa nauma mtandio na machozi yananitoka, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba alingoja nje. Miaka yote alinambia alikuwa anapita tu.

I helped her with the tray. Halafu akateleza. I slipped, I dropped the tray, na pilau lote likaenda kwenye tope. Ukumbi ukacheka. Matano akatabasamu, akageuka kidogo upande wangu, akasema, "And she laugh."

Alijua hapo hapo. Nilimwona. Badala ya kuendelea akarudi nyuma kulitengeneza. "She laugh," akasema. "She laugh." Akanyamaza. Alikuwa kama mtu anayepapasa kitu chake gizani na kipo pale pale miguuni pake. Akajaribu tena likatoka lile lile. Jasho likamtoka chini ya kofia. Nyuma yangu mtu akanong'ona, Mwanafunzi wa Bibi, na mwenzake akaguna kwa kicheko. Bwana Haitham akaweka kalamu chini. Nikaona kiganja chake kinainuka kuelekea kile kiti.

Matano hakunitazama kwa kuniomba. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa anatazama kiti.

Nikatoa nguo mdomoni. "Laughed," nikasema.

Ukumbi wote ulisikia. Sauti yangu ni ya darasani, haijui kunong'ona. Matano alifumba macho. Nilidhani atatoka, au ataanguka. Akayafumbua akasema, "She laughed," kwa utaratibu, na akaendelea bila ya kutazama upande wangu tena. I collected the rice with my hands. I followed her home. I talked to her father. Akaimaliza yote, kila mahali pako sawa, kwa sauti ambayo haikuwa na mtu ndani yake. Watu wakapiga makofi.

Bwana Haitham alitabasamu, akasema kwa kuwa ameiendesha mpaka mwisho amempitisha, na akauliza aliyemsaidia ni nani. Jaribu akapiga kelele kwamba ni mkewe, Mwalimu Zulekha. "Basi na yeye mpigieni makofi," Bwana Haitham akasema. Wakanipigia. Ilinibidi nisimame. Nilisimama nikayapokea, na mwanamke wa pembeni yangu akaniambia nina bahati ya mume.

Nje nilimkuta Matano amesimama karibu na pikipiki, ufunguo mkononi. Watu walikuwa wanampongeza, naye anawaitika. Walipoondoka nikasogea, yeye akarudi nyuma, si sana, kiasi cha mtu kumpisha mwanamke wa watu.

"Bi Zulekha," akasema. "N'takutafutia gari."

Matano ameniita Zulekha, ameniita Mwalimu kwa kunitania, ameniita Mama Shadya mbele za wazee, na ameniita majina mengine ambayo sitayaandika. Hakuwahi kuniita Bi. Nilipanda gari aliyonitafutia, naye akaifuata nyuma na pikipiki mpaka Tibirinzi, mbali kidogo, kuhakikisha nimefika.

Nilikuwa nimeshaingia ndani niliposikia hodi. Shadya alikimbia mlangoni, akasema, "Baba, mbona wabisha hodi kwako?" Baba yake akamwomba amletee nguo zake mbili tatu. Nikazikunja mimi, nikampa Shadya, Shadya akampa yeye, na mtoto akawa anatutazama mmoja mmoja, mimi ndani na baba yake nje, kwa uso wa kutaka mtu amwambie ni mchezo. Matano akaenda kwao Wambaa.

Asubuhi yake alikuja na Shehe Masika. Bimkubwa alikuwa ameshafika kutoka Vitongoji, amekaa nami ndani, na wanaume wakakaa barazani, pazia likiwa baina yetu. Shehe Masika ni kijana, ni rika la wadogo zangu, na asubuhi ile alikuwa anangojwa kufungisha nikahi mahali. Simu yake ililia mara kadhaa, akaizima. Alimsikiliza Matano mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwuliza, "Alikusahihisha mbele za watu?"

"Ndiyo, Shehe."

"Na weye sharti uliliweka, kwa akili zako?"

"N'liliweka. N'kajuta hapo hapo, lakini n'liliweka."

Shehe akasema, "Sikilizeni. Hili lina mlango mmoja. Mume akiweka sharti kwenye kitendo cha mkewe, na mke akakifanya kwa kusahau, talaka haianguki. Akikifanya naye akumbuka, imeanguka, na kwa kuwa ni ya tatu hana rejea. Kwa hivyo mie sina la kusema. La kusema analo Bi Zulekha." Akageuka, nikasikia sauti yake inakuja kwenye pazia. "Bi Zulekha, ulisahau, au ulikumbuka?"

Bimkubwa alinishika paja akaniminya kwa nguvu zake zote. "Sema umesahau," akaninong'oneza. "Sema, mwanangu."

"Kasahau, Shehe," Matano akasema kule nje, haraka. "Miye n'namjua. Mdomo wake hutangulia, ndivyo alivyoumbwa. Kasahau."

"Mwache aseme mwenyewe," Shehe akasema.

Nilitaka kusema uongo. Sitajifanya mtu mwema hapa. Nilitaka kusema nimesahau kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Neno moja, na Shehe angevaa viatu vyake akaenda kwenye nikahi yake. Matano angeingia ndani bila ya hodi. Shadya angerudi skuli akawakuta baba na mama. Tungekunywa chai. Na nani angejua? Mimi ndiye mwenye ulimi huu, kila mtu Tibirinzi angeapa kwamba uliniponyoka.

Lakini haukuniponyoka. Nilikuwa na nguo kinywani kwa ajili ya kile kiapo, nikaitoa kwa mkono wangu. Kiapo nilikuwa nacho kichwani, na uso wake nilikuwa nao machoni, na nilipoona wanataka kumkalisha tena mbele ya wale wanaomcheka, sikuvumilia. Sikupima lipi kubwa. Nilijua, na nikasema. Na sasa nikisema nilisahau, Matano atarudi. Atakula chakula changu na atalala pembeni yangu akidhani ni halali yake, yeye ambaye jana hakuthubutu hata kunipakia kwenye pikipiki, na mimi peke yangu ndiye nitakayekuwa najua.

"Sikusahau, Shehe," nikasema. "Nilikumbuka."

Mkono wa Bimkubwa ukaniachia. Shehe Masika akasema la haula wala kuwwata illa billahi, akaisema kwa huzuni ya kweli, akaeleza mambo ya eda na ya mtoto, akaomba dua, akaondoka. Bimkubwa alikwenda uani. Mimi nilibaki nimekaa pale pale chini ya pazia, na nilijua kwamba Matano hajaondoka, maana namjua anavyopumua.

"Zulekha," akasema baadaye.

"Naam."

"Ulikumbuka, ukasema?"

"Niliona mkono wa yule mtu unakuonyesha kiti."

"N'ngekaa," akasema. "N'ngekaa kitako, n'karudia mwakani. Ilikuwa nini?"

Niliushika ule mtandio wa jana, ncha yake bado ina alama za meno.

"Na sasa hivi je?" akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Ungesema tu umesahau. Neno moja. Miye n'ngekuamini."

"Najua ungeniamini," nikasema. "Ndiyo maana nimeshindwa."

Akalia. Nilimsikia analia kwenye baraza yetu, mtu mzima, kwa sauti, hajali nani anapita njiani. Lile pazia ni jepesi, nimelishona mwenyewe, ningelisogeza kwa kidole kimoja, na sikuwa tena na ruhusa.